Gesi ya AC ni ya kupima kwa mizani, wadogo zangu

Kila Juni baridi ikishika Mbeya, vijana wapya gereji wanarudia kosa lile lile: wanafunga geji asubuhi, wanaona presha iko chini, wanaongeza gesi. Kompresa nzima, yaani pampu zinazosukuma gesi ya AC, zinakufa hivyo. Someni haya kabla ya kugusa gari la mtu.

1. Tafuta panapovuja kwanza. Kiungo chenye mafuta yaliyonasa vumbi kinajieleza. Kagua kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele, inayotupa joto nje) iliyopigwa na mawe, halafu sili ya shafti mbele ya kompresa. Huku kwetu mtu anakaa miezi bila kuwasha AC kwa sababu ya baridi, sili inakauka na gesi inaondoka kidogo kidogo. Mwambie mwenye gari aiwashe dakika 10 kila wiki. Tena AC inakausha hewa, kwa hiyo ukungu wa kioo cha mbele utamtoka upesi akipita Uyole kwenye mvua.

2. Ukifungua mfumo, weka draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu) na oringi mpya (pete za mpira za viungo), zipake oili ya kompresa. Gari lililoundwa kwa R12, gesi ya zamani, lina oili ya madini, nayo haichanganyiki na R134a, gesi tunayojaza badala yake: inabaki kwenye mabomba na kompresa inasaga kavu. Imwage, safisha mabomba, weka oili ya esta. Gesi yenyewe iwe kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa.

3. Piga vakyumu, yaani nyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, dakika 30, au 45 kama mfumo ulikaa wazi. Msilaumu pampu kwamba haifiki inchi 29 za zebaki. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, geji itaishia karibu na 24. Unachotafuta ni sindano isirudi: funga valvu, zima pampu, subiri dakika 20.

4. Sasa gesi, na hapa ndipo panaponiuma. Gari likiwa limezimwa na ndani bado kuna gesi ya maji (gesi iliyogeuka kimiminika), geji inasoma joto la gesi, haisomi wingi wake. R134a ikiwa na nyuzi 10 inasimama karibu na psi 45. Ikiwa na nyuzi 30 inakaribia 100. Mfumo uliojaa na ulio nusu vinasoma sawa. Hata injini ikiwa inaunguruma, asubuhi ya baridi pande zote mbili zinasoma chini kuliko jedwali la ukutani, ambalo ni la nchi ya joto. Kijana anaona psi 18 upande wa presha ndogo, anaongeza mpaka 35, AC inapuliza baridi, mteja anashukuru. Kisha mteja anateremka Kyela, bondeni kwenye joto. Jua la mchana, gari linakwenda polepole sokoni, kondensa haina pa kutupia joto. Presha kubwa inapanda, swichi inakata klachi ya kompresa, inarudisha, inakata tena. Upepo unakuwa wa moto. Gesi ya maji inarudi kwenye kompresa, na kwa kuwa kimiminika hakigandamiziki, valvu zake zinavunjika. Vipande vya chuma vinasambaa mpaka kwenye kondensa. Gari linarudi kwako na unamwambia mteja kompresa ilikuwa imechoka. Haikuchoka. Uliijaza kupita kiasi.

Soma lebo chini ya boneti. Saluni nyingi za miaka ya 1990 zinabeba kati ya gramu 500 na 800, na gramu 150 za ziada hapo ni nyingi. Kama hujui kilichomo, toa gesi yote kwa mashine, piga vakyumu, weka chupa juu ya mizani ya kidijitali, jaza uzito wa lebo. Injini ikiwaka, chupa isimame wima na valvu ya presha kubwa ibaki imefungwa. Ukiifungua, presha inarudi kwenye chupa na chupa inaweza kupasuka. Gesi ikigoma kuingia kwa baridi, weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Tochi ya kuchomelea ikae mbali kabisa.