Blackpool kwa siku moja na watoto, mwezi wa Oktoba

Dada, kwa kuwa mnatoka London kwa treni, badilisheni Preston na mshuke Blackpool North. Kutoka hapo hadi ufukweni ni mwendo mfupi kwa miguu.

Kabla ya kukata tiketi, angalia mambo mawili: upepo na jedwali la maji ya bahari kujaa na kupwa. Upepo ukizidi, kilele cha mnara wa Blackpool Tower (mita 158, ulifunguliwa 1894) hufungwa, na baadhi ya mitambo ya Pleasure Beach, bustani ya bembea na michezo, husimamishwa. Maji yakijaa hufika ukuta wa barabara ya ufukweni, mchanga wote ukapotea. Basi pangeni kucheza mchangani maji yakiwa yametoka. Punda wa kupanda hupumzika Ijumaa.

Mvua ikinyesha msihangaike: ingieni ukumbi wa dansi ndani ya mnara, msikilize kinanda cha Wurlitzer. Kwa kweli huo ndio uzuri wa mji huu, kuliko bembea zote.

Gati ziko tatu. Ya kaskazini, ya 1863, ndiyo tulivu zaidi. Msiondoke kabla ya giza! Taa za maonyesho (Illuminations) huwaka kando ya ufukwe kwa takriban kilomita 10, kutoka Starr Gate hadi Bispham. Hazitembeleki kwa miguu na watoto, pandeni tramu. Ila hakikisheni kwanza saa ya treni ya mwisho.