Kikundi cha kuacha pombe karibu nawe

Ndugu yangu, umeuliza utapata wapi kikundi cha wanaoacha pombe karibu na unapoishi, na kama kuna ada. Ada hakuna. Ingia kwenye tovuti ya Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, tafuta nchi yako, kisha mji wako. Kama hakuna kikundi cha karibu, kuna mikutano ya simu na ya video. Wapo tangu 1935 na sharti lao ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Mkutano wa wazi anaingia yeyote, hata rafiki wa kukusindikiza. Piga simu kabla ya kutoka, maana ratiba hubadilika, na kukuta mlango umefungwa siku uliyojikaza kwenda kunavunja moyo sana. Ukifika, kaa hata kiti cha nyuma. Jina la kwanza linatosha, na ukitaka kunyamaza, nyamaza.

Ila nakuomba sana: kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uonje, muone daktari kwanza. Kukata ghafla kunaweza kuleta degedege, hata kuua. Na kikundi cha kwanza kisipokukaa, jaribu kingine.