Uliza Fundi: Mota inalia hewani, chini haina nguvu

SWALI: Habari fundi. Nina gari la rimoti saizi ya 1/10, mota ni ile ya kopo la rangi ya fedha, saizi ya 540, inayotumia kaboni. Nilitoa betri ya NiMH (nikeli) ya volti 7.2 nikaweka LiPo (lithiamu) ya seli mbili, halafu nikabadilisha gia ndogo ya kwenye mota ya meno 19 nikafunga ya 23 ili likimbie zaidi. Likakimbia kweli, siku za mwanzo hata dogo jirani alikuwa halifikii na baiskeli. Sasa hivi ukilinyanyua matairi yanazunguka balaa, ila ukiweka chini linajivuta tu, mota inachemka na kuna harufu. Fundi redio mmoja kaniambia nimwagie oili ndani, mwingine kasema nioshe na petroli. Nifanye lipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usifanye hata moja kaka. Petroli inaweza kula baadhi ya plastiki, na mota ya kaboni inatoa cheche kila inapozunguka, sasa changanya hivyo viwili mwenyewe uone. Oili nayo ikifika kwenye komyuteta, ile shaba ya duara inayosuguliwa na kaboni, inashikana na vumbi la kaboni inakuwa tope jeusi linaloziba mianya kati ya vipande vya shaba, umeme unaanza kupita pasipotakiwa. Oili inakwenda kwenye bushi tu, kule shafti inapopita mbele na nyuma, tone moja moja, ya cherehani inatosha kabisa.

Kabla hujailaumu mota angalia kwanza ile skrubu ndogo ya gia uliyofunga, ikilegea shafti inazunguka peke yake mzigo ukija. Kama imekaza, basi mi nahisi umeshaichoma. Kuzunguka balaa hewani hakumaanishi ni nzima. Sumaku za ndani ni feraiti, zikipata joto kali zinapungua nguvu, na mota yenye sumaku dhaifu ndo inakuwa hivyo hivyo, bila mzigo inakwenda kasi kuliko mwanzo ila ukiipa mzigo inakunywa umeme mwingi na haisukumi, inazidi kuchemka, sumaku zinazidi kuchoka, yaani inajimaliza yenyewe. LiPo ya seli mbili ikijaa inafika volti 8.4 na haishuki haraka kama NiMH ukikanyaga, hapo peke yake mota ingevumilia, ila wewe ukaongeza na gia juu yake. Watu wengi wanasingizia vumbi lakini mota hizi nyingi zinauliwa na gia.

Ichungulie kwenye matundu ya nyuma ukiwa na tochi. Shaba ikiwa na rangi ya kahawia na inateleza, hiyo ni kawaida, usiiguse. Ikiwa nyeusi ya kuungua au ina mifereji, na kaboni zimebaki vipande vifupi, imekwisha. Kopo la fedha limekunjwa kiwandani, kaboni zake hazibadilishwi, so usihangaike kulifungua, nunua jingine, ni mota ya bei rahisi kuliko zote kwenye mchezo huu. Ukitaka ya kutunza miaka, tafuta yenye kifuniko cha skrubu na springi za nje, kaboni unachomoa unaweka mpya, na shaba ikichakaa inapelekwa kwenye lezi ndogo, mashine ya kuchonga chuma, inapunguzwa kidogo. Ukikosa lezi, msasa laini kabisa unasaidia kwa muda tu, na mianya uisafishe.

Mota mpya usiifunge ukakanyaga siku hiyo hiyo. Kaboni inatoka kiwandani haijakaa sawa na mviringo wa shaba, inagusa sehemu ndogo tu, kwa hiyo unga betri mbili za tochi, volti 3, iache izunguke bila mzigo mpaka kaboni ishike umbo. Kuna wanaoizamisha kwenye maji ili iwahi, inawahi kweli, ila inakula kaboni na ukichelewa kukausha na kutia oili bushi zinaharibika, mi siipendi. Baadaye rudisha gia ya 19, endesha dakika tatu nne, gusa kopo. Kidole kikishindwa kukaa hata kidogo, funga gia yenye meno machache zaidi. Kusafisha, puliza klina ya vifaa vya umeme isiyodhuru plastiki, iache ikauke kabisa ndo uwashe, kisha oili kwenye bushi.

SWALI: Nikikanyaga mafuta usukani wa gari langu unatetemeka wenyewe, rimoti ni ya zamani ya masafa ya 27 MHz. Servo, ile mota ndogo ya kukata kona, imekufa? – Mdau, Tanga

JIBU: Servo iache kwanza, huenda ni cheche za mota zinaingilia redio. Geuza mota uangalie kama zile kapasita ndogo za kauri za kuzuia kelele hizo zipo, mara nyingi waya wake umekatika kwa mtikisiko. Zinatakiwa tatu, zimeandikwa 104, yaani maikrofaradi 0.1. Moja inaunganisha terminali mbili, na nyingine mbili kila moja inatoka terminali yake kwenda kwenye kopo. Kopo likwangue rangi kabla ya kulehemu, risasi haishiki juu ya rangi, na chuma cha kulehemu kiwe cha moto wa kutosha ili ugusie mara moja utoe. Waya wa antena nao usiupitishe karibu na mota.