Mstari Ukijaa, Faili Bado Halijafika

Miaka michache iliyopita nilitengeneza fomu ya maombi ya kujiunga na chuo kimoja. Mwombaji anapiga picha vyeti vyake kwa simu, anavipakia, mstari wa kijani unajaa, alama ya vema inatokea. Niliupenda sana mstari ule. Wiki ya pili binti mmoja akanipigia: "Kaka, mimi iliandika mia kwa mia ndipo nikafunga. Mbona chuo wanasema cheti changu cha kidato cha nne hakipo?"

Nikajaribu mwenyewe kwa picha ya MB 5. Mstari ukajaa, vema ikatokea, na kwenye seva hakuna kitu. Seva ilikuwa ya PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti upande wa seva, ambayo usipogusa mipangilio yake hukubali faili lisilozidi MB 2. Tena hailizuii mlangoni: inapokea mzigo mzima, kisha inautupa. Bando la binti wa watu limekwenda bure. Seva ilijibu kwamba imeshindikana, lakini mimi nilikwishaweka vema kabla jibu halijarudi.

Kosa langu lilikuwa hili. XMLHttpRequest, zana ya JavaScript ya kutuma data kwa seva na kupokea jibu (kwenye msimbo naiita `xhr`), ina sehemu mbili za kusikiliza matukio. Matukio ya `xhr.upload` yanahesabu baiti zinazotoka kwenye kivinjari, na `load` ya hapo inasema tu kwamba mzigo umeshatoka. Jibu la seva linaletwa na `load` ya `xhr` yenyewe, na hata hiyo usiiamini mpaka usome `status`, yaani namba ya hali ya jibu, kwa sababu inakuja vilevile seva ikijibu 413 (mzigo mkubwa mno) au 500 (hitilafu ya seva).

Kwa hiyo mstari ukijaa, badilisha maneno: "Limetumwa, tunasubiri uthibitisho. Usifunge ukurasa." Ondoa `value` kwenye elementi ya `progress`, ile inayochora mstari, ili ionyeshe kazi inaendelea bila kutaja asilimia. Faili dogo mara nyingi linaruka hadi mia papo hapo, hivyo kusubiri kwote kunaangukia hapa, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa.

Wasikilizaji wa `xhr.upload`, yaani vipande vya msimbo vinavyongoja matukio yake, waweke kabla ya kuita `send()` inayoanza kutuma, la sivyo hawatapata kitu. Asilimia ikokotoe kwa `total`, jumla ya baiti inayoletwa na tukio, baada ya kuangalia `lengthComputable`, inayosema kama jumla hiyo inajulikana. Usitumie ukubwa wa faili, maana FormData, kifurushi kinachobeba data ya fomu, huongeza baiti zake na utajikuta umevuka mia. `fetch`, njia mpya zaidi ya JavaScript ya kutuma data, haina matukio ya maendeleo ya kupakia, ndiyo maana kwa kazi hii bado natumia XMLHttpRequest.

Na pima `file.size`, ukubwa wa faili, kabla ya kutuma. Mwambie mtu mapema kwamba picha ni kubwa mno, bando lake likiwa bado zima.

Fomu ile sasa haionyeshi vema mpaka seva irudishe namba ya kumbukumbu. Namba hiyo inakaa chini ya jina la faili, kwa maandishi makubwa, mwombaji aweze kuinakili.