Cherehani imefunikwa khanga, naye anasema anadharauliwa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro, nina miaka 38. Ni miezi minane sasa nimekwama, sishoni. Biashara imekuwa ngumu na wateja ni wasumbufu, wanapiga simu mpaka nimebadilisha laini. Mke wangu anauza maandazi, na tangu apate vijisenti ananidharau. Saa kumi alfajiri ananigongea masufuria. Cherehani yangu ameifunika khanga kama maiti, kila jioni anaifuta na kuifunika upya. Nifanye nini anirudishie heshima yangu?*

Marahaba, mwanangu. Pole, maana kukaa bure kunachosha kuliko kulima. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu na kosa la mkeo sijaliona.

Mke anayedharau kazi ya mumewe haifuti cherehani yake kila jioni. Angeiuza zamani akanunua unga. Anaifunika vumbi lisiingie, kwa sababu bado anakungoja. Na hayo masufuria: unga wenye hamira unataka saa nzima au zaidi uumuke, ndipo zianze kuni na karai. Akikanda saa kumi na mbili, wanafunzi watakuwa wameshapita. Hakugongei wewe. Anatafuta chakula unachokila.

Sasa hiyo laini. Biashara ikiwa ngumu, simu haziiti. Zako zinaita mpaka unazikimbia, maana yake una vitambaa vya watu ndani na advansi umeshakula. Hapo ndipo ulipokwama. Kila ukiisogelea cherehani unauona mfuko wa vitambaa hivyo, unarudi kulala. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ndoa nyingi za siku hizi zinaumwa hivi: mume akiyumba anahesabu dharau badala ya kuhesabu madeni, na mke akileta unga nyumbani anaambiwa amepanda kichwa. Mkeo amekubeba miezi yote hii bila kukutangaza mtaani, nawe unamshitaki kwangu.

Leo jioni mwambie vitambaa ni vingapi na fedha kiasi gani, usifiche hata kimoja. Kisha vimwage mkekani na uchukue daftari. Kila kitambaa kiandikie mstari wake: mwenyewe ni nani, ni mita ngapi, alitoa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kimeshakatwa au bado. Anza na kilichokatwa, hata kama si cha mteja anayepiga kelele zaidi, kwa sababu ndicho kitakachotoka mapema na kuleta salio. Cha shughuli iliyokwisha kupita usikishone. Mrudishie mwenyewe kitambaa chake, na advansi mrudishie kwa awamu mbili, kwa tarehe mtakazoandikiana.

Washa laini ya zamani upige mwenyewe. Usizue msiba wala homa. Sema: "Kitambaa chako ninacho, nilikosea kukukimbia, kitakuwa tayari Jumamosi saa kumi jioni." Kama kazi ni ya siku mbili, ahidi nne. Neno "kesho" ndilo lililokuharibia jina.

Cherehani iliyolala miezi minane usiikanyage hivihivi. Mafuta ya zamani yameganda na nyuzinyuzi, na ukilazimisha itakuwa nzito na kukata uzi. Fungua bati la chini ya mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, toa boba inayobeba uzi wa chini na kasha lake, safisha kwa brashi mpaka chini. Kila tundu la mafuta litie matone mawili ya mafuta ya cherehani. Ya kupikia usiyaguse, yananata. Inua mguu huo wa cherehani, toa uzi, kanyaga dakika tano, kisha futa. Mkanda ukiteleza, kata nusu inchi uunge tena. Usiubane sana, miguu itauma. Weka sindano mpya, namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Tunga uzi mguu wa cherehani ukiwa juu, maana ukiwa chini uzi haukai kwenye visahani vinavyoubana, na mshono wa chini utatoka vitanzi. Jaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka doa la mafuta liishe. Doa moja kwenye gauni la mtu, na deni jipya limeanza.

Oda mpya usipokee mpaka tatu za zamani zitoke. Katikati hapo kubali viraka, zipu na kupunguza suruali, kazi ya saa moja inayolipwa papo hapo bila advansi. Novemba anza kukata sare, sketi na kaptura za bluu na mashati meupe, kwa sababu Januari shule zikifunguliwa wazazi wanakuja wote kwa wiki moja.

Salio la nguo mbili za kwanza mpe mkeo ashike, akutolee ya uzi na zipu. Alfajiri akiamka, amka naye, mchotee maji, na saa kumi na mbili uwe umekaa kwenye cherehani. Ile khanga ikunje vizuri umrudishie.