Sindano za steroidi nazo zina madhara

Je, steroidi za kujenga misuli (homoni kama testosteroni, homoni ya kiume) ni salama ukizichoma kwa sindano? Hapana ndugu, kuchoma sindano badala ya kumeza vidonge hakukuepushi na madhara. Vidonge huumiza ini zaidi, hilo ni kweli, lakini kwa njia zote mbili kolesteroli nzuri hushuka, presha inaweza kupanda na misuli ya moyo hunenepa. Tena mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake: korodani husinyaa, mbegu hupungua, na kurudi kawaida huweza kuchukua hata zaidi ya mwaka. Mimi ni mfamasia hapa Kondele, Kisumu, na vijana wa jimu huniuliza haya sana. Aliyeandikiwa testosteroni na daktari kwa upungufu uliopimwa ni habari nyingine. Na tafadhali msichangie sindano, Ukimwi na homa ya ini hupitia hapo.