Khao yam bila samaki

Mara ya kwanza kula khao yam nilikuwa Hat Yai, kusini mwa Thailand, saa moja asubuhi. Wali kidogo katikati ya sahani, kuuzunguka mafungu ya mboga mbichi zilizokatwa nyembamba, nazi iliyokaangwa, pilipili ya unga na sosi pembeni. Unavuruga vyote, unakula. Nikajikuta nahesabu: mchaichai, balungi, ndimu, nazi, choroko zilizochipua. Mbona vyote hivi viko Tanga!

Sosi yao, budu, ni ya samaki wadogo waliochachushwa, nami nyama na samaki nimeacha. Badala yake nachemsha nusu kikombe cha sosi ya soya na maji kiasi hicho hicho, vijiko viwili vya sukari guru, mchaichai uliopondwa na tangawizi, hadi izidi uzito kidogo. Chumvi usiguse.

Nazi ikune, uikaange bila mafuta kwa moto mdogo. Usiondoke jikoni, inaungua ghafla. Choroko loweka usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa safi, suuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu zina mikia. Zipitishe kwenye maji yanayotokota kabla ya kula, maana chipukizi mbichi hubeba vijidudu kwa urahisi. Nikitaka sahani ishibishe, naongeza choroko za kuchemsha: protini ya wali ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili huvipata kwenye chakula tu, na choroko zinaifidia.

Sasa wali, ambao ndio ulionitesa. Mara ya kwanza niliutumia wa moto, nikapata kitu kama bokoboko. Mara ya pili nikauacha sufuriani tangu mchana hadi usiku ili upoe. Nililala chooni, kwa kifupi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali unapopikwa, na wali ukikaa kwenye joto hutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Kwa hiyo mwaga wali kwenye sinia, uupepee, na ndani ya saa moja uwe kwenye friji. Upike na maji pungufu kidogo, punje ziachane.

Balungi limenye hadi ngozi nyeupe, ile ni chungu. Sosi iwekwe mezani kila mtu ajimwagie. Ukichanganya mapema mboga hutoa maji. Mama yangu sosi haitaki kabisa. Anakamulia ndimu, anaita kiporo, anakula na chai ya rangi.